Kuona kwa Masikio

Katika mji wa Mtito Andei, ambako malori na mabasi ya njia ya Mombasa hutua usiku na mchana, nilikaa jioni moja na jamaa watano, wote wenyeji wa Makueni, tukinywa chai, na mazungumzo yakaangukia simba wala-watu wa Tsavo na ile filamu yao ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness. Kila mmoja alikuwa na lake: huyu alisifu ushujaa wa mhandisi wa reli, yule alieleza jinsi simba walivyopenya maboma ya miiba, na wa tatu aliapa kwamba maishani mwake hajaona picha ya kutisha kama ile. Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote, viganja vyake vimekizunguka kikombe, akauliza kwa upole ni nani kati yetu aliyeitazama mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyejibu. Nami nilikuwa miongoni mwa walioinamisha nyuso, kwani dakika chache kabla nilikuwa nimetikisa kichwa kama shahidi wa macho.

Swali lile halijaniacha. Ziko picha mashuhuri ambazo sifa zake zimefika kila mahali kabla ya picha zenyewe, hata mtu akajiona amezitazama kwa kuwa amezisikia mno. Nimewasikia waumini wakieleza namna bahari inavyogawanyika katika The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille, iliyotolewa mwaka 1956, kwa yakini ya aliyekuwapo, na ukiwahoji kwa makini wakakiri kwamba walisimuliwa na mtu, naye alisimuliwa na mwingine. Je, huu ni uwongo wa kutubiwa, au ni ada ya kibinadamu isiyo na madhara?

Nilikuwa tayari kuuita uwongo, lakini insafu ilinizuia, maana aghalabu ya tuyajuayo tumeyapokea kwa masikio. Hakuna mtu aliyeshuhudia kuzaliwa kwake. Jina la baba yake analichukua kwa neno la mama, na juu ya neno hilo hujenga ukoo, urithi na heshima. Hata dini zetu zimesimama juu ya kusikia. Peter Cameron Scott alipofika Nzaui mwaka 1895 kuanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission, hakuwaletea Wakamba jambo aliloliona yeye, bali habari iliyokuwa imepita vinywa na mikono ya vizazi vingi. Naye akafariki mwaka uliofuata, habari ikabaki kwa waliomsikia. Maulamaa wa pwani nao hawakuona haya kusema kwamba wamesikia: walichokilinda ni isnadi, ule mnyororo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, ili kila pete ijulikane na ipimwe. Basi kusikia hakuna aibu. Kosa letu pale mezani lilikuwa kuukata mnyororo na kuketi mahali pa pete ya kwanza.

Tena, hata ambaye angeinua mkono na kusema ameitazama filamu ile, angekuwa ameona nini? Angemwona mwindaji hodari wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye hakupata kuwapo Tsavo, kwa kuwa ametungwa na mwandishi wa filamu. Angeona simba wenye manyoya mazito shingoni, ilhali ngozi za simba wale wawili, ambao mhandisi huyo, John Henry Patterson, aliwaua Desemba 1898 na baadaye akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ni za madume yasiyo na manyoya hayo. Angeona nyika ya Afrika Kusini, ambako sehemu kubwa ya picha ilipigwa, akadhani anaiona nchi iliyo mlangoni pa Mtito Andei. Patterson mwenyewe alifikia kudai kwamba waliouawa walikuwa 135, hali wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria, mwaka 2009, watu kama 35. Filamu, basi, ni masimulizi yaliyovishwa vazi la ushuhuda; mtazamaji naye amesikia, ila amesikia kwa macho. Ukiifuata reli ya zamani ya Mombasa hadi Kima, stesheni ambayo simba aliingia behewani Juni 1900 akamchukua afisa wa polisi Charles Ryall, utawakuta wanaosimulia kwamba mahali hapo paliitwa Kima kwa sababu ya nyama iliyosagwa. Na neno kiima, katika lugha ya wenyeji, ni mlima, na milima iko pale pale mbele ya msimulizi.

Lakini somo lililonigusa kuliko yote liko Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilishuka hadi Mombasa. Kivoi akamweleza habari za mlima ulio mbali, wenye weupe kileleni, na Krapf hakusema kwamba ameuona. Aliandika kwamba ameambiwa, na ni nani aliyemwambia. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, akauona kwa macho yake: pembe mbili zimesimama juu ya upeo, na weupe juu yake. Huko London, bwana mmoja mwenye elimu nyingi, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, alikuwa tayari amemkanusha Rebmann, mwenzake Krapf, juu ya theluji ya Kilimanjaro, na theluji ya mlima huu, Mlima Kenya, nayo akaikataa kwa lugha ya mtu anayejua. Ilipita karibu miaka 50, hadi mwaka 1899, ndipo Halford Mackinder akafika kilele chake cha Batian.

Namtazama Cooley kwa huruma, kwani namwona mezani petu. Hakusikia vibaya wala hakukosa vitabu. Alikosa kusema, mimi sikufika huko. Na Kivoi, aliyeuawa mwaka 1851 safarini kuelekea mto Tana, hakuandika hata herufi moja, lakini pete yake katika mnyororo ule haijavunjika.

Hapo ndipo naiona tofauti ya imani na majivuno. Mwenye imani hukiri kwamba hakuona, na ungamo hilo ndilo uti wa imani yake. Mwenye majivuno hudai macho asiyokuwa nayo. Nilikuwapo usiku mmoja katika soko la kijiji kimoja cha Kitui, ilipoonyeshwa ile filamu ya Jesus ya mwaka 1979, iliyotokana na Injili ya Luka, kwa sauti za Kikamba, juu ya shuka iliyofungwa baina ya miti miwili, jenereta ikinguruma nyuma ya duka. Upepo ulipovuma, uso wa mwigizaji ulikunjamana na kukunjuka. Ilipokwisha, kijana mmoja alimwinamia bibi kizee aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia, "Sasa umemwona, mwaitu." Bibi akajifunga leso yake vizuri kabla ya kujibu: "Nimeona picha, mwanangu. Yeye nilisimuliwa na mama yangu."

Desemba iliyopita nilipanda ngazi za jabali la Nzambani, huko Kitui, kabla ya jua kuchomoza, nikangoja karibu saa mbili nikielekeza uso kaskazini-magharibi. Ukungu haukuondoka. Kijana aliyenisindikiza alisema kwamba siku zenye anga safi Mlima Kenya huonekana, naye aliambiwa hivyo na mjomba wake. Tuliposhuka, muuza maembe kando ya njia akaniuliza kama nimeuona, nikamjibu kwamba sikuuona, ila nina habari zake kutoka kwa Krapf, naye kutoka kwa Kivoi.