Radhi ya Baba na Hiari ya Mwana

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii twaifundisha darasani kana kwamba haina utata: mtoto hufuata kazi ya wazazi wake, na akishindwa kufua chuma, basi atavuta mivukuto. Lakini methali haisemi neno juu ya mwana anayetoka kabisa katika kiwanda cha baba yake. Je, huyo ni muasi, au ni mtu aliyeitumia haki yake?

Swali hili huulizwa katika nyumba za dini zote hapa Kampala, na huuma sana katika familia ya Kiyahudi inayoshika sheria. Wengi wetu twajua habari za Abayudaya wa Mbale. Jumuiya yao ilianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza katika kuitiisha mashariki ya Uganda, alipotahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza kuwa Myahudi. Vijana wa jumuiya hiyo huja Kampala kusoma na kutafuta kazi, na hapa hukutana na Jumamosi. Kwa baba, hiyo ni Sabato: hapana kuandika, hapana kuwasha moto. Kwa Chuo Kikuu cha Makerere, ni siku kama siku nyingine. Wanafunzi wa Kiadventista walikishtaki chuo hicho kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba ikawakatalia, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaitupa rufani yao. Kesi haikuwa ya Wayahudi, lakini kila aishikaye Sabato aliielewa.

Tumchukulie basi kijana wa Kiyahudi ambaye mtihani wake umepangwa Jumamosi, naye moyoni ameamua kuufanya. Baba yapasa asikilizwe kwanza. Katika utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, wakabaki mamia machache tu. Mzee aliyesali kwa siri zama zile ajua kuwa dini ikipotea nyumbani kwa kizazi kimoja, hairudi kwa wepesi. Ukali wake watokana na kumbukumbu hiyo.

Hata hivyo, Kakungulu hakuzaliwa Myahudi. Alikuwa Mprotestanti, kisha mfuasi wa madhehebu ya Malaki, akaachana na wenzake kwa kufuata alichoamini. Na katika miaka ya 1980 vijana ndio waliojitokeza kuihuisha ibada iliyokuwa ikififia, wala hapana aliyewashurutisha. Bila ya hiari hizo mbili, baba asingekuwa na dini ya kumrithisha mwanawe.

Sheria ya Kiyahudi yenyewe haikuufanya utii kwa baba kuwa usio na mpaka. Torati yaamuru baba na mama waheshimiwe, lakini wanavyuoni wamefundisha kuwa baba akiamuru Torati ivunjwe, asitiiwe. Moses Isserles wa Kraków, mwanachuoni wa karne ya 16, aliandika kuwa mwana halazimiki kumtii baba anayemkataza kumwoa mwanamke anayemtaka. Lakini tuseme kweli: ruhusa hizi zimo ndani ya sheria. Hazimsaidii kijana anayetaka kuiacha Sabato, na baba ana haki ya kumwambia hivyo.

Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia, kwani hutenga utii, heshima na radhi. Utii hudaiwa kwa mtoto mdogo, na hupungua kadiri akuavyo. Heshima hudaiwa daima. Radhi haidaiwi: ni tunu ya mzazi, naye huitoa kwa moyo wake. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Sabato ishikwayo kwa kuogopa kukatiwa karo ni Sabato ya baba. Mwana bado hajaishika.

Kwa hiyo naona kuwa baba ana haki ya kufundisha, kusihi, hata kulia mbele ya mwanawe. Hana haki ya kuifanya karo au laana kuwa silaha. Mwana naye ana haki ya kuchagua. Hana haki ya kufanya mtihani kwa siri, kisha Ijumaa ifuatayo akaenda Mbale kuketi mbele ya mishumaa ya Sabato kana kwamba hapana lililotokea. Amwambie baba uso kwa uso, kabla ya siku yenyewe. Na baba akimnyima radhi, asiseme amedhulumiwa. Hilo ndilo gharama ya hiari, na asiyekuwa tayari kuilipa hajachagua bado.

Tutakapoifundisha tena methali ya mhunzi, tuwaulize wanafunzi: mhunzi wa kwanza alikuwa mwana wa nani?