Malaika Hakumhubiria Eliya



Kijana mwenzangu uliyejiajiri, leo naongea na wewe hasa. Wewe mwenye banda la chipsi, saluni, cherehani mbili barazani, uwakala wa pesa, au duka la vifaa vya shule kama langu. Wa maofisini msome pia, ila mtanisamehe, leo siyo zamu yenu.

Kuna uchovu ambao ukilala usiku mmoja unaisha. Huo siuzungumzii. Nazungumzia ule unaoamka nao. Simu inalia alfajiri, mwili mzito kama gunia lililonyeshewa. Mteja akiingia unamwona amekuja kukusumbua, na ndiye anayekulisha. Hesabu hazijafungwa wiki ya pili sasa, wala hushtuki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kwa alama tatu: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi mpaka unaichukia, na kujiona hufanyi lolote la maana. Likasema unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Halikutaja uvivu.

Kwetu mtaani majibu ni mengine. Utaambiwa umerogwa, au umepata vihela umeanza maringo, au imani yako imepungua. Hilo la mwisho ndilo linalomuuma mtu wa Kanisa.

Sasa fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame. Kwa lugha ya sokoni, amefunga msimu mzuri kuliko yote. Kisha Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja wa vitisho, na mtu huyu aliyesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti, anamwomba Mungu amtwae afe.

Hilo la kumwacha mtumishi watu hulipita haraka. Mimi hunisimamisha. Mtu aliyechoka kiasi hicho huanza kuwaondoa watu mmoja mmoja. Simu hapokei, jumuiyani haonekani, kundi la VIWAWA la WhatsApp kalinyamazisha.

Na malaika alipokuja, alifanya nini? Ungetegemea mahubiri. Alimgusa tu, akamwambia aamke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena! Malaika hakumgombeza. Alirudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Swali la Mungu la anafanya nini pale lilikuja baadaye kabisa, Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea. Sisi tunageuza mpangilio. Tunamwanzishia novena mtu ambaye tangu asubuhi ameshindia chai ya rangi. Novena ni njema, nami nazisali. Lakini mkate ulitangulia.

Jumuiyani kwetu yupo kijana anayekaanga chipsi. Alikuwa na mikopo miwili ya kausha damu, marejesho kila siku, Dominika ikiwemo. Anafungua saa kumi jioni, anafunga saa saba usiku, asubuhi yuko sokoni anatafuta viazi. Tulimwona anakonda, anajibu wateja ovyo, anakwepa ibada. Tulipomtembelea, mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, hakuanza na Rozari. Alimuuliza, "Mwanangu, umekula?" Kijana akalia palepale, mbele yetu wote.

Baada ya chakula tulifungua daftari. Kumbe alikuwa anauza vizuri tu! Kilichokuwa kinamla ni riba. Mtu anaweza kuchoka hadi roho kwa sababu ya hesabu, siyo kwa sababu ya tamaa, na hesabu hairekebishwi kwa kukesha zaidi. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kikamkopesha akamaliza mkopo mmoja. Wa pili akaongea nao wakakubali alipe kwa wiki. Dominika akaanza kufunga. Siwezi kukudanganya kwamba Mungu alimrudishia maradufu Jumatatu. Hakumrudishia. Mwezi unaingiza pungufu kuliko zamani. Ila analala, na juzi nilimsikia anatania wateja.

Nenda pia Kutoka sura ya 18. Musa anaamua kesi za watu toka asubuhi hadi jioni, peke yake. Mkwewe Yethro anamwambia wazi kwamba hivyo siyo vizuri, atajimaliza yeye pamoja na watu anaowahudumia. Sikia hapo: pamoja na watu. Dawa yake ni kuchagua wasaidizi wamchao Mungu, wasiopenda mapato ya dhuluma. Najua unachosema sasa hivi: "Nikimwachia droo ataniibia." Ni kweli, wizi upo. Ndiyo maana Yethro aliweka masharti, akapanga na ngazi, wa elfu, wa mia, wa hamsini, wa kumi. Anza na wa kumi. Mwachie msaidizi saa mbili tu, hesabu mzigo kabla na baada, umlipe vizuri.

Na huyo msaidizi naye anapumzika lini? Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaagiza mtumishi apumzike kama bwana wake, kwa kuwa Israeli walikuwa watumwa Misri. Aliyejiajiri anaweza kuwa Farao na mtumwa wa matofali kwa wakati mmoja, fimbo mkononi mwake na mgongo ni wake. Kanuni ya 1247 ya Sheria ya Kanisa haidai Misa peke yake. Inataka tuache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na pumziko la akili na mwili. Wakati huohuo Katekisimu, namba 2185, inatambua mahitaji ya kweli ya familia. Kwa hiyo mama lishe wa stendi asijihukumu. Misa ya Jumamosi jioni inahesabika, halafu nusu siku katikati ya wiki aitafute kwa bidii ileile anayotafutia mkaa.

Usingizi ukikukataa kwa wiki kadhaa, nenda hospitali. Pima presha, sukari, damu. Na kama ombi la Eliya pale chini ya mti limeshapita kichwani mwako, mwambie mtu leo hii, ana kwa ana, usiishie kuweka status: padre, mama yako, daktari, rafiki. Eliya alilisema kwa sauti mbele za Mungu, na jibu alilopata ni chakula.

Kule Horebu Mungu alimrudisha kazini. Akampa pia mtu wa kushika kazi pamoja naye, Elisha, aliyemkuta shambani akilima.

Tusali. Bwana, mwangalie anayesoma haya akiwa nyuma ya kaunta saa hizi za usiku. Mpe mkate, mpe usingizi, umletee Elisha wake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.