Aliyefunga Kifungo Hapigiwi Makofi

Marekani kuna tuzo yenye jina la Eleanor Clarke Slagle. Ilianzishwa mwaka wa 1953, na kwa chama cha wataalamu wa tiba kazi ndiyo heshima kuu ya kitaaluma. Anayeipata hupanda jukwaani kutoa mhadhara, kisha mhadhara huchapishwa.

Tiba kazi, kwa asiyeijua, ni kumrudishia mtu shughuli zake: aliyepigwa na kiharusi ajifunze upya kushika kijiko, kuoga, kufunga vifungo vya shati. Hapa kwetu KMTC wanaifundisha, ingawa mitaani wengi huichanganya na fiziotherapia.

Sasa hebu niambie. Aliyeandika kuhusu kifungo anapigiwa makofi. Aliyekaa na mzee wa watu wiki nzima hadi kifungo kikaingia, nani anamjua? Kuna haki hapo?

Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo labda unangoja niwaponde wasomi. Siwapondi. Ujuzi wa mikono usipoandikwa hustaafu na mwenyewe. Mwaka wa 1961 Mary Reilly alisimama kwenye jukwaa hilo akatetea wazo kwamba mikono ya mtu, ikisukumwa na akili na nia yake, inaweza kubadilisha afya yake. Bila hoja ya namna hiyo, kusuka vikapu wodini kungeonekana ni kupoteza muda tu. Naye Jean Ayres, wa mwaka wa 1963, alitafiti jinsi ubongo unavyopanga hisia, na watoto wengi walioitwa wakaidi wakapata wa kuwatetea. Makofi hayo ni halali kabisa.

Kinachonikera ni kwingine. George Barton, mmoja wa waasisi, alikuwa msanifu majengo na pia mgonjwa: kifua kikuu, vidole vya mguu vikakatwa, upande wa kushoto ukapooza. Alijirudisha kwa kazi za mikono, na mwaka wa 1917 chama kikazaliwa nyumbani kwake, Clifton Springs. Yaani elimu hii ilianzia pia kwenye mwili wa mgonjwa. Barton anakumbukwa kwa sababu alikuwa na kalamu na marafiki wa maana. Wale waliokuwa wodini na Slagle, wakijifunza upya kuamka, kuvaa na kula kwa ratiba, walichangia pia. Majina yao wapi?

Ningependa siku moja mtafiti apande jukwaani na mtu aliyejaribishiwa kile kijiko cha mpini mnene, apewe maikrofoni, aseme kama kilimfaa au kilikuwa kinamwaga uji tu.