Mtoto Asiyeweza Kusoma: Je, Ni Mvivu?

Nataka kuwaelezeni kosa langu, maana pengine na ninyi mmelitenda.

Katika parokia moja ya hapa Bukavu nilikuwa nikiwafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Kati yao alikuwamo mvulana wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa mama mmoja auzaye sambaza huko Kadutu. Shuleni alikuwa darasa la pili kwa mara ya nne. Nilipompa kitabu cha katekisimu asome jibu, aliyatazama maneno kama mtu atazamaye ukuta. Herufi alizijua mojamoja, lakini kuziunganisha hakuweza. Neno alilojifunza leo, kesho limetoweka. Nikamwambia mbele ya wenzake: "Wewe ni mvivu." Jina lake nikalifuta katika orodha.

Jioni mama yake akaja, beseni lingali kichwani. Akaniambia: "Mwalimu, mtoto huyu ndiye anihesabiaye pesa tangu alipokuwa na miaka saba. Kila mtu niliyemkopesha anamkumbuka, bila kuandika. Hajanipotezea hata franka moja. Huo uvivu anauficha wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwita mtoto, nikaweka kitabu kando, nikamwuliza kwa mdomo. Kumbe! Alijua sala zote na majibu yote kuliko wale waliosoma. Alikuwa ameyashika kwa masikio, akiwasikiliza wenzake.

Basi, tufikiri pamoja. Kosa ni nini? Seminarini tulifundishwa ya kuwa pasipo kutaka hakuna kosa. Mtu hulaumiwa kwa lile aliloweza kulitenda akakataa. Mwenye mguu uliopooza hatumpigi kwa sababu hakukimbia. Mbona basi twampiga fimbo asiyeweza kusoma? Ni kwa sababu ulemavu wake hauonekani. Kwa ajili ya wenye ulemavu unaoonekana, Bukavu ina Heri Kwetu, nyumba ijulikanayo na wote. Lakini mtoto mwenye viungo vizima, ambaye maandishi tu ndiyo yanayomshinda, hana nyumba wala jina. Jina analopewa ni "mjinga".

Na jambo lenyewe si geni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri na macho mazima, asiyepata shida katika hesabu, ambaye hata hivyo hakuweza kusoma ingawa alikuwa amefundishwa kwa bidii miaka mingi. Mwalimu wake alisema ya kuwa kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angewapita wote shuleni. Nilipopata habari hizo nilishtuka, maana ndiye mtoto wangu wa sambaza! Siku hizi hali hiyo huitwa disleksia. Si laana, wala mtoto hakurogwa. Ni namna ubongo wake unavyoyashika maneno, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Dawa ya kumeza hakuna. Aweza kujifunza kusoma, ila polepole, sauti baada ya sauti, kwa kurudia sana, na mwalimu asiyemwaibisha.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kutoa majina. Mtoto wa kwetu husema Mashi nyumbani, Kiswahili sokoni, na darasani hudaiwa Kifaransa. Mwingine ameshindwa na lugha tu. Mwingine haoni ubao, mwingine hasikii vema, na hakuna aliyempima. Mwajua habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney: Kilatini kilimshinda, seminari ya Lyon ikamrudisha kwao, walipomwuliza kwa Kifaransa, lugha yake, akajibu vizuri, na mwaka 1815 akapata upadre. Sisemi ya kuwa alikuwa na ulemavu huo. Nasema tu ya kuwa waliomwuliza mara ya pili waliona kitu ambacho wa kwanza hawakukiona.

Wengine watanipinga: "Haki ni kuwatendea wote sawasawa. Mbona huyu asomewe swali, na wenzake walisome wenyewe?" Lakini mama apakuaye bugali hampi mtoto mchanga tonge la mkulima, humpikia uji, wala hakuna mezani anayesema ameonewa. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Katika mtihani wa historia twataka kujua kama mtoto anaijua historia. Akiijua kwa mdomo, anaijua.

Neno gumu zaidi nililisikia kwa mwalimu wake wa shule, mtu mwema. Nilipomwomba ampe mtoto dakika chache kila siku, akanijibu: "Ndugu Katekista, nina watoto sabini na wanane. Dakika hizo nizitoe kwa nani?" Alisema kweli. Tangu Serikali ilipoondoa ada katika shule za msingi, mwaka 2019, watoto wengi walipata mlango, nasi twashukuru; lakini madarasa yalijaa kupita kiasi. Tena kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ilindayo haki za watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Ila sheria haiketi kwenye benchi pamoja na mtoto, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi bado unamngoja, kalamu mkononi. Sijui nimwambie nini juu ya siku hiyo, na sitaki kumdanganya.

Wala tusiseme, "Hiyo ni kazi ya Serikali," tukaenda zetu. Kwa mapatano ya mwaka 1977 shule nyingi za hapa zinasimamiwa na Kanisa. Wazazi wanaoketi katika kamati ya shule ndio hao hao tunaokaa nao Jumapili. Je, katika mikutano hiyo, tumewahi kuuliza kwa nini mtoto fulani amerudia darasa mara tatu? Twauliza habari za mabati na za choo, na ni vizuri. Lakini huyo mtoto yumo chini ya mabati hayo.

Yule mvulana alipokea Komunyo sikukuu ya Pasaka. Shuleni bado yumo darasa la pili. Kila Jumatano alasiri huja kwangu, tunasoma mistari mitatu au minne, wala si zaidi, maana huchoka kama aliyebeba mzigo kutoka ziwani. Mwalimu wake ameniletea wawili wengine. Mmoja wao, msichana, niliona ya kuwa hushika kitabu karibu kabisa na pua. Mama yake anatafuta pesa za miwani.