Haki ya Kuicheka Timu Yako

Katika jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, mpira huchezwa miezi mitatu na husemwa miezi kumi na miwili. Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kurushwa hewani huku vijana waliovaa kofia ngumu wakigongana kama mafahali. Timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, huanza mechi zake mwishoni mwa Agosti na kuzimaliza mwishoni mwa Novemba. Ikifanya vizuri huongezewa mechi moja ya kufungia mwaka. Baada ya hapo ni kimya cha miezi minane au tisa, na ni katika kimya hicho ndipo kelele zinapozidi.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, ajue kwamba Nebraska ni jimbo la wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe, lenye watu kiasi cha milioni mbili tu, na halina timu hata moja katika ligi kubwa za kulipwa za nchi ile. Timu ya chuo ndiyo timu ya wote. Jina lake ni Wamenya Mahindi, na hakuna anayelionea aibu. Uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 1923, huchukua watu wapatao 85,000, na siku ya mechi huwa kama mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Tangu Novemba 1962 tiketi za kila mechi ya nyumbani zimemalizika, na hesabu hiyo imekwishapita mechi 400. Kweli, mwaka 2021 ilibidi wafadhili wanunue tiketi zilizobaki na kuwagawia watoto ili hesabu isikatike. Lakini hata arusi nyingine hujazwa na watoto wa jirani, na hakuna anayesema haikuwa arusi.

Ubingwa wa taifa timu hii imeuchukua mara tano: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Msomaji ataona kwamba orodha inakoma ghafla. Tangu hapo makocha wamekuja na kuondoka. Mmoja alifukuzwa mwaka 2003 baada ya kushinda mechi tisa, mwingine akafukuzwa mwaka 2014 baada ya kushinda mechi tisa vilevile, na baada yake ukafika mwaka ambao mechi tisa zilikuwa ni zile za kushindwa. Mwaka 2021 timu ilishinda mechi tatu na kupoteza tisa, na katika hizo tisa hakuna hata moja iliyopotea kwa pointi kumi. Kwa jumla walifunga pointi 335 na kufungwa 272. Yaani ukijumlisha mwaka mzima, walishinda. Ila ukihesabu mechi moja moja, walikufa mara tisa. Sijui kama kuna timu nyingine iliyopata kubuni njia ya ustadi namna hiyo ya kushindwa.

Sasa tuje kwenye miezi isiyo na mechi. Habari zake huja kwa mpangilio kama sala. Februari, mwalimu wa mazoezi ya viungo hutangaza kwamba vijana wameongeza kilo za misuli. Machi, kijana ambaye jana hakuna aliyemjua anasemekana amekuwa simba. Aprili, mrusha mpira mpya anarusha vizuri ajabu. Hapa washabiki hugawanyika, maana mazoezini timu hucheza na nafsi yake. Mrushaji akifanikiwa, maana yake walinzi wetu ni wabovu. Walinzi wakimzuia, maana yake mrushaji wetu hafai. Kwa hiyo kila habari njema huja na msiba wake mfukoni. Mzee mmoja jirani yangu kule Lincoln, fundi wa matrekta aliyestaafu, alikuwa akinifariji kila mwaka kwa maneno yale yale: kwamba mwezi wa Mei timu yetu haijapata kufungwa hata mara moja.

Nilicheka nilipoyasikia mara ya kwanza. Kisha nikajiuliza swali ambalo ndilo kiini cha insha hii. Je, mtu anayo haki ya kuicheka timu anayoipenda? Na kama anayo, haki hiyo inaishia wapi?

Wapo wanaosema hana. Kwao mshabiki wa kweli hufunga mdomo, huvaa nyekundu na kungoja. Kuicheka timu ni sawa na kumcheka mama yako mbele ya wageni. Wapo na wengine, upande wa pili, wanaosema kwamba aliyelipa kiingilio amenunua na ulimi wake, aseme atakalo juu ya yeyote. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanadhani kicheko na mapenzi ni vitu viwili vinavyogombea nafasi moja, kwamba kikiingia kimoja, kingine lazima kitoke.

Kwetu jambo hili lina jina na lina sheria zake. Linaitwa utani. Mjukuu humtania babu yake, shemeji humtania shemeji, na yako makabila ambayo mababu zao walipigana vita, kama Wangoni na Wahehe, ambayo leo wajukuu wao husemana maneno makali na kuagana wakicheka. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, wala hakuna anayedhani kwamba neno hilo limepunguza mapenzi ya mtu kwa timu yake. Lakini utani si ruhusa ya kusema lolote. Unazo nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba lazima kuwe na uhusiano. Mpita njia hana haki ya kukutania. Ya pili ni kwamba anayetaniwa anaweza kujibu, na akijibu huna ruhusa ya kukasirika. Ya tatu ndiyo kubwa: mtani huja msibani. Huchimba kaburi, huteka maji, hufagia, na huwachekesha wafiwa pale ambapo hakuna mwingine mwenye haki ya kucheka. Anayekutania ukiwa mzima na asionekane siku ya msiba si mtani, ni adui mwenye ulimi mwepesi.

Nikizishika nguzo hizo tatu, naweza kupima mizaha ya miezi ile mikavu mmoja baada ya mwingine.

Chukua habari ya Scott Frost. Alikuwa mtoto wa nyumbani, mrusha mpira wa timu ile ya ubingwa ya 1997, na aliporudi kama kocha Desemba 2017 watu walimpokea kama mvua baada ya ukame. Alishinda mechi 16, akapoteza 31. Wakubwa wa timu walimfukuza tarehe 11 Septemba 2022, wakati mkataba ulidai alipwe dola milioni 15. Wangengoja hadi tarehe 1 Oktoba, wiki tatu tu, wangelipa nusu yake. Mizaha iliyotokana na hesabu hiyo ni halali kabisa. Waliochekwa ni watu wazima, wenye madaraka, wenye wanasheria na wasemaji. Wanaweza kujibu wakitaka. Tena mwenye milioni 15 mfukoni anaweza kuvumilia kicheko cha fundi wa matrekta.

Lakini chukua kijana wa miaka 19 aliyedondosha mpira katika dakika ya mwisho. Mwezi wa Novemba watu wanamzomea kwa uchungu, na uchungu hausameheki lakini unaeleweka. Mwezi wa Machi, alipokwisha kurudi darasani, bado wapo wanaomfanyia vitimbi na kumbandika jina la mpira alioudondosha. Yeye hawezi kujibu. Akijibu, ataambiwa hana nidhamu. Akinyamaza, ataambiwa hajali. Hapa nguzo ya pili imevunjika, na kilichobaki si utani tena. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huo hautumbuki kwa anayecheka.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba zamani vijana hawa walikuwa wanafunzi tu, sasa ni watu wa kulipwa. Ni kweli. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, zikigawanywa kati ya michezo yote. Basi, husema watu, anayelipwa na asemwe.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Anayelipwa kwa kazi na akosolewe kwa kazi. Ukisema mrushaji wetu anachelewa kuachia mpira, umesema jambo la kazi, na huenda yeye mwenyewe angekubali. Lakini mshahara hununua kazi, haununui heshima ya mtu. Dereva wa basi analipwa, na hakuna anayefikiri kwamba nauli yake inampa ruhusa ya kumdhihaki dereva njia nzima. Tena fedha haikumwongezea kijana yule miaka. Ana 19 ile ile aliyokuwa nayo kabla ya hundi.

Kuna na lawama nyingine inayovuma kila mapumziko, nayo ni ya usaliti. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja, wakati zamani alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Kila Januari wachezaji kadhaa hufunga virago, na kila Januari huitwa wasaliti. Kocha alikuwa na uhuru huo siku zote. Aliondoka usiku akaanza kazi kwingine asubuhi, tukasema ni mtu mwenye malengo. Sijaona mizani inayopima neno lile lile kwa uzito mbili na ikaitwa ya haki.

Lakini uhamaji huu umeleta swali gumu zaidi, ambalo linaigusa nguzo ya kwanza. Kama nusu ya kikosi ni wageni kila mwaka, mimi nina uhusiano na nani? Ninamtania nani? Wachezaji wanaondoka, makocha wanafukuzwa, hata jezi hubadilishwa mishono. Nimelifikiri jambo hili kwa muda, na jibu nililolipata ni kwamba ndugu zangu hawako uwanjani, wako kwenye viti. Mzaha wa mwezi wa Mei haumfikii mchezaji na wala haukutengenezwa kwa ajili yake. Ni wa fundi wa matrekta kwa jirani yake, ili wafike Agosti bila kukata tamaa. Tunaitana kwa jina la timu, lakini tunaotaniana ni sisi kwa sisi.

Na nguzo ya tatu? Hiyo ndiyo inayowaokoa watu wa Nebraska katika mizani yangu. Kila Aprili walikuwa na desturi ya kujaa uwanjani kutazama timu ikicheza na nafsi yake, mechi isiyo na maana yoyote katika hesabu za msimu. Tarehe 6 Aprili 2013, watu kama 60,000 walikuwapo, ndipo alipoingizwa uwanjani mtoto wa miaka 7 aliyekuwa na saratani ya ubongo. Walimpa mpira, akakimbia yadi 69 hadi mwisho wa uwanja, na wachezaji wa pande zote mbili wakamwinua juu. Watu wale wale wenye mizaha isiyokwisha walisimama wakalia. Mtoto yule alifariki Januari 2025, akiwa na miaka 19, umri ule ule wa vijana ninaowatetea hapa.

Mwaka huo huo wa 2025 kocha Matt Rhule aliiondoa mechi ya Aprili, akihofia kwamba timu nyingine zitawatazama wachezaji wake na kuwarubuni wahame. Badala yake yakafanyika mashindano madogo madogo ya ustadi. Mizaha ilikuwa mingi: kwamba timu iliyokaa tangu 2017 hadi 2023 bila kufikisha hata mechi saba za ushindi kwa mwaka sasa inaficha hazina yake isiibiwe. Niliicheka nami, na nilikuwa na haki hiyo. Lakini nilisikitika pia, kwa sababu hofu ya kocha ilikuwa ya kweli, na kwa sababu ile ilikuwa siku pekee ya mapumziko ambapo watani wote walikutana bila kuwa na wa kumshinda.

Basi hukumu yangu ni hii. Icheke timu yako, hasa katika miezi ambayo haichezi, kwa maana mapenzi yasiyoweza kucheka hugeuka kuwa ibada, na ibada ya timu ya mpira ni kitu cha kusikitisha. Wacheke wakubwa wanaoweza kujibu. Cheka pamoja na aliyekaa kando yako. Kijana mwache apumzike. Mkosoe Septemba, akiwa kazini. Na Agosti ikifika, nenda ukakae kwenye kiti chako, hata kama unajua fika matokeo yatakuwaje. Asiyekwenda ana haki ya kukaa kimya tu.