Jioni ya Leo, Shuka Ziwani

Kijana wa Mwisenge, hapa Musoma, kuna utajiri ambao unaupita kila jioni ukiwa na simu mfukoni. Nasema ule mwambao unaoanza pale nyumba zinapoishia: mawe makubwa yaliyochomoza majini, dagaa walioanikwa, na ndege wanaokula hapo jua linapoteremka. Nataka uanze kuwapiga picha. Anza leo, usingoje mpaka ununue kamera.

Jina la Mwisenge halihitaji kutangazwa. Hapa ndipo Julius Nyerere alipoanza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akitokea Butiama. Ni heshima kubwa. Lakini muulize mtu wa Dodoma au wa Mtwara ufuko wa Mwisenge ukoje jua linapozama. Hajui, maana picha yake hajaiona popote. Mgeni anayepita mkoa wa Mara ana haraka ya kuingia Serengeti, na kamera yake anaifungulia kwa simba. Ziwa Victoria, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, analipa kisogo. Usipolipiga picha wewe unayeishi hapa, nani atalipiga?

Na jioni ya huku si jioni ya kila mahali. Musoma iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii 2, tena kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa. Kwa hiyo jua linazama upande wa maji, na linashuka karibu wima. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi. Nyosha mkono, ukunje ngumi, uiweke juu ya mstari wa maji. Jua likigusa juu ya ngumi hiyo, umebakiwa na dakika kama 40, basi. Wakati huo miale inapita kwenye hewa nyingi kuliko mchana. Buluu inatawanyika njiani, njano na nyekundu ndizo zinazokufikia. Yangeyange, ambaye saa saba mchana weupe wake unameza kila kitu, sasa unyoya mmoja mmoja unaonekana.

Mtazame huyo yangeyange kabla hujapiga. Miguu myeusi, nyayo za njano. Anaingiza unyayo mmoja kwenye maji mafupi, anautikisa taratibu, visamaki vinashtuka, shingo inajikunja kurudi nyuma. Hapo shingo inapojikunja ndipo pa kubonyeza. Ukingoja mdomo uguse maji, umechelewa. Jambo hili hakuna kamera ya milioni tano itakayokufundisha. Utalijua kwa kukaa kimya na kuangalia, na hapo wewe mwenyeji una nafasi ambayo mgeni wa siku mbili hana.

Halafu kuna mdiria, yule mweusi na mweupe. Anasimama hewani, mabawa yanapiga kwa kasi, kichwa hakiyumbi hata kidogo, kisha anajitupa majini. Mwenye mikanda miwili kifuani ni dume. Jike ana mmoja. Wataalamu waliochunguza chakula chake ziwani humu waliona kwamba furu walipopungua, baada ya sangara kupandikizwa, mdiria aligeukia dagaa. Ukimpata na dagaa mdomoni, umepiga picha ya historia ya ziwa lako.

Usimdharau na yule mdogo wa kahawia anayetikisatikisa mkia juu ya jiwe. Ni chamchanga. Ana uzito wa gramu 50 hivi, na amezaliwa Ulaya au kaskazini mwa Asia. Wengi wao huwa nchini kuanzia Agosti hadi Aprili. Amevuka majangwa na bahari, amekuja kula kwenye ufuko wako!

Utasema simu yako haivuti karibu. Kweli, haivuti, na ukilazimisha kwa vidole picha inaharibika. Basi usimfuate ndege. Mwache awe mdogo ndani ya picha kubwa. Elekea jua, gusa anga kwenye kioo, kisha punguza mwanga mpaka rangi zikolee. Mnandi aliyetandaza mabawa juu ya jiwe, na mtumbwi nyuma yake, atatoka mweusi tii kwenye anga la dhahabu. Ukitaka rangi za ndege mwenyewe, tafuta mahali utakapolipa jua mgongo. Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 ya sekunde kwa ndege arukaye, na giza likianza aachane na warukao, atafute waliotulia. Wote, mwenye simu na mwenye kamera, pigeni magoti, hata laleni kifudifudi. Picha iliyopigwa umesimama inamwonyesha ndege mgongo. Picha iliyopigwa usawa wa jicho lake inatutazama.

Waulize wavuvi wa mwalo viboko na mamba wanapitia wapi, na usiingie kwenye matete peke yako. Wala usirushe jiwe ili kundi liruke upate picha. Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona likifanywa. Mwezi Machi wahamiaji wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kaskazini, na kila mruko wa bure unawapotezea nguvu.

Watu watakucheka, kijana mzima kulala mchangani kwa ajili ya ndege. Waache wacheke. Washington Wachira, Mkenya, mwanaikolojia na mpiga picha, alipanda jukwaa la TEDGlobal pale Arusha mwaka 2017 kuzungumzia mapenzi yake kwa ndege, na dunia ikamsikiliza. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Atlasi ya ndege wa Tanzania, kazi ya Neil na Liz Baker tangu miaka ya 1980, imejengwa kwa taarifa za namna hii: ndege gani, wapi, lini. Picha yako yenye tarehe na mahali ni ushahidi, hata kama imetoka ukungu kidogo.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Ifanye hiyo iliyo karibu kuwa tarehe yako. Chagua picha kumi, zichapishe, chini ya kila moja andika jina la ndege kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwenu, siku uliyompiga, na sehemu ya ufuko. Kisha nenda ukamwombe mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani nawe ukuta mmoja wa kuzibandika. Jua la leo bado halijazama; chaji simu.