Je, Apandaye Mwembe Ugenini Amekataa Kwao?

Safari hii hatuandiki habari za mbegu wala za mikutano. Kuna swali linalozunguka katika nyumba zetu, mara kwa sauti ya chini, mara kwa ugomvi wa mume na mke, nasi tumeona afadhali tulizungumze waziwazi.

Swali lenyewe ni hili. Mtu aliyefukuzwa kwao, akijenga nyumba ya matofali ugenini, akapanda mwembe, akawaacha watoto wake waongee lugha ya wenyeji hata wakati wa chakula, je, amekataa kwao? Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo tumeisikia ikirushiwa ndugu ambaye kosa lake ni kuezeka mabati mahali palipokuwa na turubai. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Tukumbushane kwanza tulivyofika, maana watoto wetu wengi hawakuyaona. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na siku ya kwanza ya mwaka mpya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa moto na watu wakiwa ndani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa katika fujo zile kuwa 1,133. Waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu. Walioingia Uganda walikuwa kama 12,000, wengi kwa njia ya Malaba na Busia, wamebeba godoro, sufuria na watoto. Tulipokewa Mulanda, hapa Tororo, chini ya mahema. Baadaye mwaka huo huo wengi walipelekwa Kiryandongo, mbali, ng'ambo ya Kampala kwenye barabara ya Gulu. Sisi tuliopendelea kukaa huku karibu na mpaka tulikuwa na sababu moja kubwa: kutoka hapa mtu anaweza kuamka asubuhi na kulala kwao.

Basi tukakaa kama watu wa kituo cha basi. Ukitaka kujua mtu anatazamia kukaa mahali kwa muda gani, usimwulize. Angalia shamba lake. Mwaka wa kwanza tulipanda sukuma wiki, ambayo huchumwa baada ya majuma machache. Kisha maharagwe, miezi mitatu. Muhogo tuliuogopa, si kwa sababu hatuujui, bali kwa sababu muhogo hukaa ardhini karibu mwaka mzima, na nani alitaka kukubali kwamba mwaka mzima utapita? Wenyeji wetu walitushangaa. Walituona tunanunua muhogo sokoni kutoka kwao ilhali udongo uleule ulikuwa mbele ya mlango wetu. Kuhusu mwembe hatukutaja kabisa. Mwembe wa mbegu waweza kukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kukupa embe la kwanza.

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba huko ndiko kuwa mwaminifu, nasi hatutaki kuwadharau, kwa sababu hoja yao ina uzito. Wanasema: tulifukuzwa ili tusirudi. Aliyechoma nyumba yangu alitaka nikae mbali na shamba langu. Nikikaa, nikatulia, nikanenepa, si nimemalizia kazi yake? Turubai linalovuja ni ushahidi. Siku nitakapoezeka mabati, watasema, "Mwacheni, huyo sasa ni wa Uganda," na hakuna atakayeuliza tena habari za ile ekari yangu. Tumelitafakari neno hili sana. Si neno la mvivu. Ni neno la mtu anayelinda haki yake kwa kitu pekee alichobaki nacho, yaani dhiki yake.

Hata hivyo tunaona kuna kitu kimesahauliwa katika hoja hiyo, nacho ni jirani.

Abiria hafagii kituo. Hatengenezi bomba la kisima likiharibika, kwa kuwa basi lake laja. Akihitaji kuni hukata mti uliopandwa na mwingine wala hapandi wa kwake. Humsalimu mwenyeji kwa adabu, lakini hamwulizi jina la mama yake, kwa nini ajisumbue? Miaka ya kwanza ndivyo tulivyoishi na watu waliotupa mahali pa kulala, na hatukuona ubaya, kwa sababu macho yetu yalikuwa ng'ambo. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, watu huisoma kama maneno ya mwenyeji aliyechoka. Sisi tumeanza kuisoma kwa upande wa mgeni. Kupewa jembe ni kuhesabiwa miongoni mwa watu. Anayelikataa jembe kwa kusema "mimi napita tu" anamwambia mwenyeji kwamba nyumba yake ni barabara.

Na wenyeji hawa, wapendwa, si watu hivihivi. Wengi wetu hapa ni Wakikuyu. Wapadhola lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, na wapo miongoni mwetu waliosikia maamkio ya kwanza pale Mulanda wakashikwa na hofu, wakidhani waliowakimbia wamewafuata. Ilichukua muda masikio kupona. Ni mwanamke wa lugha hiyo aliyetuletea uji wa wimbi. Ni wenye lugha hiyo waliotuonyesha kisima. Tena tusijifanye kwamba uovu ulikuwa wa upande mmoja. Mwisho wa Januari 2008, huko Naivasha na Nakuru, watu wa kabila letu walifukuza na kuua majirani zao Wajaluo na wengine. Mtoto wetu anayecheza leo na mtoto wa Mpadhola anajifunza jambo ambalo baba yake hakulijifunza kwa mahubiri mengi.

Tukumbuke pia kwamba deni hili lilianza zamani. Wakati wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, Waganda wengi walikimbilia Kenya kwa mipaka hii hii. Baadhi yetu wenye mvi tulifundishwa hesabu na Kiingereza na walimu wa Uganda katika shule za sekondari za Kenya. Waliposahihisha madaftari yetu, je, walikuwa wamekataa kwao? Hakuna aliyewaza hivyo. Walifundisha kwa bidii kama watu waliofika, na wengi wao baadaye walirudi.

Hata huo ugenini wenyewe una mambo yake. Hadi mwaka 1902 nchi yote kutoka hapa hadi Naivasha, pamoja na nyanda zile za juu ambako wengi wetu tulifukuzwa, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza ndio waliouhamisha mpaka. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Na neno bodaboda, linalotumika sasa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa katika miji hii ya mpakani kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Hatusemi hivi ili kumwambia mtu kwamba shamba lake si lake. Twasema tu kwamba mstari tunaolia kwa kuuvuka una umri mdogo kuliko makaburi mengi.

Makaburi ndiyo magumu zaidi. Wakenya wenye umri wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano mpaka Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, Mei 1987. Nchi nzima ilijifunza tofauti ya nyumba na nyumbani: nyumba waweza kuwa nayo popote, nyumbani ni pale mlipozikwa. Hata sisi ambao hatukuipenda hukumu ile tumeibeba moyoni. Ndiyo maana mzee wetu akifariki hapa, swali la kwanza huwa ni gari la kumvusha, wala si sanda, na familia hubaki na deni la misimu miwili. Wengine wameshindwa kabisa, wakazika hapa, na mioyo yao haijatulia. Kwa hao tunasema bila kusitasita: hamjamtupa mzee wenu. Mliketi naye usiku, mkamzika kwa heshima, na majirani wakachimba kaburi pamoja nanyi. Hatuoni ni ukoo gani ungefanya zaidi.

Tuje kwenye Maandiko. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli barua akiwaambia wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, wautafutie amani mji waliopelekwa. Barua hiyo twaisoma mara nyingi. Tusichokisoma ni sura inayotangulia, ambapo Hanania aliwaahidi watu kwamba mambo yatakwisha kwa miaka miwili. Neno la Hanania lilipendeza. Sisi pia tumekuwa na akina Hanania kila mwaka: baada ya mvua hizi, baada ya sensa, baada ya uchaguzi ujao. Yeremia hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Katika barua ileile aliwaahidi kurudi, lakini baada ya miaka 70. Kupanda na kurudi vimo katika karatasi moja.

Kwa hiyo haki ya shamba tuilinde mahali haki inapolindwa. Hatimiliki itunzwe pakavu. Jina la jirani anayejua mpaka wa shamba liandikwe. Watoto wasimuliwe, pamoja na ubaya wetu. Mtoto aliyezaliwa chini ya turubai mwaka 2008 leo ana kimo cha baba yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mradi baba au mama yake ni Mkenya, hata kama kitovu chake kilikatwa Mulanda. Hilo halipotei kwa sababu anaongea Kipadhola. Vilevile halimfanyi kuwa raia wa hapa: Katiba ya Uganda ya 1995 haiwapi watoto wa wakimbizi uraia kwa sababu tu ya kuzaliwa nchini. Basi wazazi, fuatilieni vyeti vya kuzaliwa. Turubai linalovuja halijawahi kuonyeshwa mahakamani likashinda kesi.

Kuhusu kuuza shamba la kule kwa bei ya kutupa, labda kwa yuleyule aliyetufukuza, hatuna neno moja. Tunajua nyumba ambapo mama anasema liuzwe karo ilipwe, na mwana anasema asiguse mtu. Wote wawili wanalia. Hatutawaamulia.

Na mwembe? Hapa kuna jambo ambalo wenye haraka wanapaswa kulijua. Asiye raia hawezi kuwa na ardhi ya kudumu Uganda. Hukodi kwa muda, usiozidi miaka 99, na sisi wengi tumekodi kwa msimu tu. Tena kwa desturi za sehemu nyingi, kupanda mti wa kudumu katika shamba la mtu ni kama kulidai. Mwenyeji akikuona na mche wa mwembe anaweza kuingiwa na hofu, na hofu ya ardhi sisi tunaijua kuliko wengi. Hivyo mche usipandwe usiku. Nendeni mkamwulize.

Mama mmoja wa kanisa letu alifanya hivyo. Alimwendea mwenye shamba pamoja na mwenyekiti wa LC1, wakaketi, wakanywa chai, mazungumzo yakachukua karibu siku nzima kwa sababu mzee alitaka kwanza kusikia habari zote za kule alikotoka. Karatasi waliyoandika ina mistari mitatu. Miembe ni minne. Maadamu yeye yuko, matunda ni yake. Akirudi kwao, miti inabaki kwa mwenye shamba bila malipo. Na watoto wa nyumba zote mbili wanaruhusiwa kuokota yaliyoanguka, bila kuuliza.